Shangazi Hana Kabureta Tena

Tarehe 4 Februari

Kitinda, mdogo wangu,

Mzigo wako umefika, umezungushiwa utepe kana kwamba ndani yake mna mtoto mchanga. Nimeufungua juu ya meza yangu ya useremala na kutandaza kila kilichomo: injekta nne, pampu ya mafuta, nyaya zilizosukwa kama nywele za bibi harusi, sensa za kila namna, na kile kisanduku cheusi mnachokiita kompyuta. Nimekitazama, nacho kimenitazama. Hatukusalimiana.

Asante. Nimesema mara moja, usingoje niseme tena.

Msimamo wangu unaujua. Gari lenye kabureta ni gari la mtu huru. Likikorofisha, unachukua bisibisi, unafungua, unaliona kosa kwa macho yako, unasafisha kwa petroli na mswaki mkuukuu, unaondoka. Gari lenye kompyuta likigoma, unalipeleka kwa mtu mwenye kompyuta nyingine, naye anaiuliza ya kwako inaumwa nini, wewe umesimama pembeni mikono mitupu kama mtu aliyekosea msiba. Hilo nimelisema kwenye kila kibaraza cha mtaa huu na hajatokea wa kunijibu.

Ila mlima wa hospitali umenijibu. Baba anatakiwa kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, alfajiri, kwenye baridi. Shangazi, gari letu kuukuu, akifika ile kona ya juu anaanza kukohoa, anatema moshi mweusi, anazima. Juzi tulikwama pale, Baba kajifunika blanketi, mpaka nesi akapiga simu kuuliza kama mgonjwa bado yupo. Alivyouliza ndivyo hivyo: "Bado yupo?" Mzee aliyeendesha gari la wagonjwa maisha yake yote na hakuwahi kumchelewesha mtu, leo anachelewa kujipeleka mwenyewe. Alitazama nje ya dirisha. Angenitukana ningeshukuru.

Basi nitaifunga hii mashine yako. Nitaifunga mimi, kwa mikono hii, hapahapa karakana. Usiniletee habari za fundi umeme. Kwa sasa Baba atapanda pikapu ya jirani yetu wa kuku, ambaye kila alfajiri hupeleka kuku na mayai kwenye jiko la hospitali. Teksi haziupandi mlima ule gizani, zinaogopa mawe.

Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu unanikatiza. Na Baba, ving'ora vilishamla masikio. Kwake simu ni kipande cha sabuni tu.

Kaka yako,
Randa


Tarehe 13 Februari

Kaka Randa,

Shikamoo. Mfikishie na Shangazi, huyo mtu huru, salamu zangu.

Sitabishana nawe kuhusu kompyuta. Kutwa nzima hapa kiwandani kazi yangu ni kuwasha jenereta na kuzizima, na nimeshaona kisanduku kama hicho kikiokoa injini ambazo wewe ungezigonga kwa nyundo. Nisikilize kwa mambo machache tu.

Mabomba ya mpira ya zamani yang'oe yote, usibakishe hata kipande cha kidole. Kabureta ilikuwa inanyonya mafuta taratibu. Pampu hii inayasukuma kwa nguvu, na mpira mkongwe utapasuka juu ya ekzosi yenye moto. Tangi litahitaji tundu la pili, la kurudisha mafuta yasiyotumika. Kabla ya kulitoboa, limwage, lioshe, lijaze maji. Nakuomba, Kaka, kwa hili usijifanye shujaa. Waya wa ardhi uukwangulie rangi mpaka chuma king'ae. Na kabla ya yote hayo, soma kile kijitabu. Kina kurasa chache, nimekutafsiria kwa mkono, usiku mbili nzima.

Yule fundi umeme mwenye kibanda karibu na kituo cha mafuta angekumalizia kazi hii kwa siku moja. Najua ulishagombana naye. Nani hujagombana naye?

Likizo yangu ni Juni. Ningekuwa karibu ningekushikia tochi. Usilitamke lile neno lako kuhusu watu wanaotuma vitu. Nalijua, nimeshajitamkia mwenyewe.

Baba anakula? Miguu yake ikoje?

Mdogo wako,
Kitinda


Tarehe 27 Februari

Kitinda,

Kaa kitako usome.

Kabureta nimeing'oa. Nimeiweka kabatini, imefungwa kitambaa, maana mfu anastahili sanda. Tangi nililitoa, nikaliosha mpaka likaacha kunuka, nikalijaza maji kama ulivyoamuru, nikalitoboa. Mabomba yote ni mapya. Sensa ya moshi nimeitilia kitako kwenye ekzosi, mchomeleaji wa kibanda cha pili mwenyewe kashangaa nilivyompimia. Kisanduku chako nimekitengenezea kijumba cha mbao ngumu chini ya dashibodi, pembe zake nimezifunga kwa viungo vya mkia wa njiwa, mbao ikiuma mbao, bila msumari hata mmoja. Hakuna gari lolote duniani lenye kompyuta inayolala pazuri namna hiyo.

Na Shangazi amewaka. Jana, kwa mguso mmoja. Hakuna choki, hakuna kikohozi, hakuna moshi. Ananguruma chinichini kama paka aliyeshiba. Baba aliweka kiganja juu ya boneti, akafumba macho, akatabasamu. Nitamzungusha mitaani siku chache azoee kabla sijampandisha mlima.

Kijitabu chako kimesaidia sana. Mguu mmoja wa meza yangu ulikuwa unayumba, sasa umetulia.

Baba anakula. Miguu ni ya mzee, utegemee nini.

Kaka yako asiyehitaji tochi,
Randa


Tarehe 6 Machi

Kwako binti yangu Kitinda,

Sijambo. Nimeketi kwenye benchi la karakana. Randa ametoka kununua fyuzi, nina nafasi ndogo ya kuandika.

Shangazi hajawaka. Kaka yako amekwambia amewaka, najua kwa sababu aliniomba nisikupinge. Sikupingi, nakuarifu tu. Asifahamu kuwa nimekuandikia.

Kazi ameifanya vizuri sana, nimekagua kila muungano. Ndiyo maana inaniuma. Kila asubuhi anaingia, anakaa sawasawa, anafanya kama nilivyowafundisha: anakanyaga mafuta mpaka sakafuni, anashikilia hapohapo, ndipo anazungusha ufunguo. Mnakumbuka, Shangazi alikuwa mlevi wa petroli, bila kumkanyagia mpaka chini hakuwaka. Anafanya vilevile, mguu hautikisiki. Starta inazunguka, mimi naisikia kwa miguu, kwenye sakafu. Inazunguka na kuzunguka, basi. Kisha anatoka, anafungua waya huu, anafunga ule, anaitukana kompyuta kwa maneno ambayo sikumfundisha.

Mwanangu, kama kuna kipande ulisahau kutia kwenye mzigo, kitume kimyakimya kwa jina langu. Nitakiangusha chini ya gari, akiokote mwenyewe. Mtoto huyu akionekana mjinga anaumwa. Ndivyo alivyozaliwa.

Kuhusu mimi usihangaike. Daktari ameridhika nami, amenipunguzia safari. Sasa ni mara moja tu kwa wiki. Jirani wa kuku amepumzika na mimi pia.

Baba yako


Tarehe 14 Machi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo Baba. Nimefurahi mno kusikia habari za daktari. Nilisoma mstari huo mara nyingi kazini, hata mwenzangu akaniuliza kama nimechumbiwa.

Hakuna kipande kilichosahaulika. Mzigo ulikuwa kamili. Ninachoweza kukwambia ni kwamba dawa ya Shangazi ni neno moja, na Randa akiniuliza nitampa siku hiyohiyo. Aniulize tu. Wewe usijisumbue kuangusha vitu chini ya gari.

Binti yako,
Kitinda


Tarehe 14 Machi

Kaka Randa,

Shikamoo. Hongera kwa Shangazi kuwaka kwa mguso mmoja. Nimewasimulia wenzangu hapa, wamekupigia makofi.

Injini mpya hazikosi vijitabia. Ukipatwa na shida yoyote, hata iwe ndogo ya kuchekesha, niandikie uniulize. Nimesema uniulize, Kaka. Ni neno fupi, halijawahi kumvunja mtu taya.

Mdogo wako,
Kitinda


Tarehe 24 Machi

Kitinda,

Barua yako nimeisoma mara ya kwanza nikacheka, mara ya pili nikanusa harufu. Kuna kejeli humo. Nimemlea mtoto huyu mgongoni, najua anapong'ata shuka.

Haya. Shangazi alikuwa anawaka, sasa amegoma. Na nitakwambia sababu, bila kukuuliza: umetuma kisanduku kibovu. Au ulikinunua kwa wajanja, au huko mliko mnatutumia yale yaliyokataliwa. Mimi kazi yangu ni safi. Pampu inalia, umeme unafika, cheche zipo, nimezijaribu kwa mkono na mkono utazikumbuka. Injekta tu hazitemi. Nani anaziamuru injekta? Kisanduku. Nani amekileta kisanduku?

Na lile neno nitalitamka sasa, kwa kuwa umelitafuta. Nyinyi mlioondoka mna ugonjwa mmoja. Mzazi akiumwa, mnatuma. Mnatuma dawa, mnatuma fulana, mnatuma mashine yenye nyaya kama utumbo wa mbuzi, na kila mlichotuma kina maelekezo. Kumwogesha mzee hakuna maelekezo. Kumgeuza ubavu hakuna sensa. Unaandika "miguu yake ikoje" kama mtu anayeuliza hali ya hewa. Imevimba, ndivyo ilivyo! Viatu haviingii, namvalisha ndala za marehemu Mama. Analala mchana kutwa, akizungumza anakata pumzi kati ya maneno. Uzee huo, hauna kijitabu.

Nitairudisha kabureta mahali pake na utakuja Juni kuchukua takataka yako.

Randa


Tarehe 3 Aprili

Kitinda,

Ujumbe wa simu niliokutumia ulikuwa mfupi kwa sababu vidole vilikataa. Simu zako niliziona zikiita. Sikuweza kupokea. Ningepokea ungesikia sauti yangu, na sauti haijui kuficha.

Baba yuko hai. Anza na hilo.

Alianguka kati ya kitanda na mlango. Nilimkuta anahema kama mtu aliyetolewa majini, midomo ya kijivu. Nilimbeba mpaka kwa Shangazi. Ndiyo, kwa Shangazi! Nilimweka kiti cha nyuma, nikakaa, nikakanyaga, nikazungusha ufunguo. Nilikuwa najua hataweza kuwaka. Nilizungusha mpaka betri ikaisha, mbele ya majirani waliokwisha toka nje, kwa sababu mkono haukuwa na kitu kingine cha kufanya. Jirani wa kuku alikuwa ameshakwenda. Mkewe ndiye aliyeita gari la wagonjwa. Lilikuja likiwa na king'ora, na Baba ndani ya gari letu bovu akafumbua macho, akaniuliza, "Wamemjia nani?"

Daktari amenifokea kwenye korido mbele ya watu. Mimi niliyezoea kubishana, nilikubali kila neno. Hajawahi kumpunguzia Baba safari yoyote. Wiki baada ya wiki kitanda chake kilibaki kitupu, wakapiga simu nyumbani, Baba akaipokea, akaitikia "ndiyo, ndiyo" asisikie kitu, akaikata.

Sasa nisikilize, kwa kuwa sina mtu mwingine wa kumwambia. Baba aliponiambia amepunguziwa, nilijua. Hakuna daktari anayepunguza kusafisha damu ya figo zilizokufa. Mtu anayetofautisha mninga na mkangazi kwa kunusa anashindwa kujua hilo? Nilijua, nikaupokea ule uongo kwa mikono miwili kama zawadi, kwa sababu kila asubuhi ambayo Baba hakwenda hospitali ilikuwa asubuhi ambayo Shangazi hakutakiwa kuwaka. Hata ile siku moja ya wiki hakwenda, nami sikumkumbusha. Yeye alidanganya ili nisiaibike. Mimi nikajifanya nimeamini, kwa sababu hiyohiyo. Tulikuwa tunakunywa chai pamoja, yeye amevimba, mimi nazungumzia fyuzi.

Na hakuwahi kuwaka. Wala Februari, wala siku yoyote. Kile kiganja juu ya boneti nilikitunga.

Kuna kitu gani sijafanya? Nakuuliza.

Kaka yako


Tarehe 9 Aprili

Kaka yangu,

Shikamoo. Nimeanza barua hii na kuichana, nimeanza na kuichana. Niruhusu niiseme vibaya.

Ondoa mguu.

Hilo ndilo neno. Kompyuta ina desturi ileile ya Baba. Mguu ukiwa sakafuni wakati starta inazunguka, inaelewa kwamba injini imelewa petroli, basi inafunga injekta zote ili ipate pumzi. Kila ulipomkanyagia Shangazi ulikuwa unaiambia: usimpe mafuta. Nayo ikatii. Kisanduku ni kizima, kazi yako ni safi, safi kuliko kazi nyingi ninazoziona hapa. Usikanyage chochote. Zungusha ufunguo, basi.

Ninajua tangu lini? Baba aliniandikia mwanzoni mwa Machi. Alieleza unavyokaa, unavyokanyaga, mguu usivyotikisika. Nilikuwa nimesimama kwenye foleni ya kantini. Kabla sijafika kwenye sahani nilikuwa nimeshalijua kosa. Ningeweza kukutumia maneno mawili kwenye simu, nikala chakula changu.

Sikutuma. Ulikuwa umenidanganya, na kazi yangu ya usiku mbili umeilaza chini ya mguu wa meza. Nilitaka uniombe. Maisha yangu yote nimekuwa nikikuuliza wewe: namna ya kushika msumeno, namna ya kuvuka barabara, nani wa kuolewa naye na nani wa kukimbia. Nikasema, safari hii ataniuliza yeye. Nilikaa na neno moja kinywani kama pipi, nikilinyonya, mwezi mzima karibu, na Baba akijaa maji.

Usiniambie kwamba sikujua hali yake. Na mimi niliambiwa amepunguziwa. Na mimi najua figo ni nini. Niliamini kwa sababu kuamini kulinibakishia Juni yangu. Ulisema wanaoondoka wana ugonjwa wa kutuma. Ulikosea, Kaka. Sikutuma. Kitu pekee ambacho hakikuhitaji posta wala utepe, nilikikalia.

Kwa hiyo usijitwishe peke yako. Alidanganya kwa ajili yako mara moja, na kwa ajili yangu mara ya pili. Nimeomba ruhusa kazini. Wakikataa, nitaacha kazi.

Kitinda


Tarehe 17 Aprili

Kitinda,

Barua yako ilifika nikiwa napanga mbao. Niliisoma, nikaiweka chini, nikaenda kwa Shangazi nikiwa na vumbi la mbao mpaka kwenye kope. Nilitia betri. Nilikaa. Nikauweka mguu wa kulia juu ya mkeka, mbali na pedali, nikalishika goti kwa mkono wa kushoto, maana mguu huu una akili zake. Nikazungusha ufunguo.

Aliwaka kabla sijamaliza kuzungusha.

Hukuwahi kusikia kitu kizuri na kibaya namna hiyo. Hakuna kikohozi, hakuna moshi. Ananguruma chinichini kama paka aliyeshiba. Yale maneno niliyoyatunga yaligeuka kweli, yakanizomea. Nilikaa ndani na injini inazunguka, nikalia mpaka mchomeleaji akaja kugonga kioo, akidhani gesi imenilevya. Nikamwambia, "Amewaka." Akasema, "Sasa unalilia nini, bwana?" Nikamfungia kioo.

Angewaka siku ya kwanza kabisa. Kazi niliimaliza mwishoni mwa Februari. Jioni ile ningempandisha Baba mlimani.

Nilikuwa na hasira nawe kwa muda wa kuvuka uwanja. Nilipofika mlangoni ilikuwa imekwisha, nikaitafuta na sikuiona. Ungenitumia neno lile mwezi Machi, Kitinda, ningelifanyia nini? Ningekujibu kwamba hujui lolote, kukanyaga nimefundishwa na Baba mwenyewe, wewe ni nani. Ningekanyaga kwa nguvu zaidi ili nikukomeshe. Hivyo usiniibie aibu yangu. Wewe ulikaa na neno, mimi nilikaa na mzee.

Baba amerudi nyumbani. Nampeleka kila siku yake. Tunaupanda mlima gia ya tatu, Shangazi hata hajikuni. Yeye anatazama mbele, mimi natazama mbele. Akisema kunywa maji, nakunywa. Akisema punguza, napunguza. Sijui nimwambie nini kuhusu yale aliyonifanyia. Jana nilijaribu, nikaishia kumwuliza kama anasikia baridi.

Nimeamua hivi. Nitamketisha, nitamsomea barua zetu zote, zako na nakala za zangu ninazotunza, bila kuruka mstari. Mficha uchi hazai. Kama hutaki, niambie upesi.

Randa


Tarehe 24 Aprili

Wanangu Randa na Kitinda,

Barua hii nimeiandika mara mbili, neno kwa neno, asitokee wa kudai mwenzake kapewa zaidi. Ya Randa nitaiweka juu ya meza yake. Ile isiyoyumba.

Randa amenisomea barua zenu. Ilibidi asome kwa sauti ya kunifikia mimi. Kwa hiyo mtaa mzima umezisikia. Mke wa jirani alileta kigoda. Ilipofika ile ya pipi kinywani, mchomeleaji alizima mashine yake ili asipitwe.

Nimewasikia mnavyovutana. Huyu anasema alidanganywa kwa ajili yake, yule anasema hapana, ni kwa ajili yangu. Mmoja anasema usiniibie. Mnagawana aibu kama urithi, na mwenyewe bado nahema.

Sasa mimi nawaambia lililotokea. Mara ya mwisho jirani wa kuku alinishusha kwenye lango la hospitali. Madereva wa magari ya wagonjwa walikuwa wamesimama pale wanakunywa chai. Wawili niliwafundisha kazi mimi, nilikuwa nawapiga kofi la mkono wakishika usukani kwa uvivu. Nilikuwa nimekaa kati ya matenga. Nilikuwa na manyoya hapa begani na kinyesi cha kuku kwenye suruali. Mmoja wao akaja, akanishika kiwiko, akanipangusa. "Pole, Mzee. Taratibu, Mzee." Kwa adabu kabisa. Wengine wakatazama chini ili wasinione.

Angenicheka ningekwenda tena safari iliyofuata. Adabu ile sikuiweza. Nilimwambia jirani asinipitie. Nikasema nyumbani kuwa daktari amenipunguzia. Randa hakunijia akilini. Kitinda hukunijia akilini, wala Juni yako. Nililinda mabega yangu. Mtu niliyewabeba wengine miaka yote, nilikubali kufa kuliko kupanguswa.

Kwa hiyo ile aibu mnayoipigania ina mwenyewe. Nirudishieni. Zenu ndogondogo mbaki nazo, ya kukanyaga na ya kunyamaza, zinawatosha kwa umri wenu.

Nina shauri moja, na ni kubwa. Tangu nitoke wodini Randa amekuwa mpole. Jana nilimwambia meza yake imepinda, haijapinda, akaitikia, "Ndiyo, Baba." Nikamwambia kompyuta ni bora kuliko kabureta. "Ndiyo, Baba." Ananishika kiwiko. Kitinda, barua yako iliyokuja juzi kwangu imejaa pole kuliko wino. Mnanipangusa. Mnanipangusa wote wawili.

Kitinda, ukipewa ruhusa njoo, ila uje na ulimi wako. Na wewe Randa, keshokutwa ni siku ya mashine ya damu. Njiani nitasema kwamba unaendesha vibaya. Unijibu. Mlima ule ni mrefu mno kuupanda na mtu anayenikubalia.

Baba yenu